Unga wa Mbele ya Foleni

Mke wangu aliacha kuimba kwa miaka miwili kwa sababu ya mandazi. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani namletea habari ya sauti iliyokauka au ya ugomvi wa kanisani. Sauti ilikuwapo, ugomvi haukuwapo. Yalikuwapo mandazi, mkate, chapati, na yale makaroni ambayo siku hizi hayakosi kwenye meza ya wageni, naye hakuruhusiwa kula hata kimoja.

Korali yetu, kama tunavyoiita kwaya huku Kamembe, ni ya watu wazima, wengi wao tulikua nao pamoja ng'ambo ya mto, Bukavu, kabla ya kurudi Rwanda. Mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili, hualikwa kuimba parokia nyingine: Mibirizi, Nyakabuye, au kule bondeni Bugarama. Huondoka ukungu ukiwa bado umelala ziwani na kurudi jioni. Wenyeji huwakirimu kwelikweli. Wakifika kuna chai na mandazi, na baada ya misa kuna sahani iliyojaa wali, makaroni, viazi, na nyama yenye mchuzi mzito, na uzito wa mchuzi huo mara nyingi hutokana na kijiko cha unga wa ngano. Kukataa sahani hiyo ni jambo zito kuliko mchuzi wenyewe. Wazee wetu walionja pombe mbele ya mgeni ili kumwonyesha kwamba haina sumu. Basi mgeni anayeacha chakula bila kukigusa ni kama anamuuliza mwenyeji swali lile lile la sumu. Mke wangu hakutaka kumuuliza mtu yeyote swali hilo. Akawa anabaki nyumbani na kuwaambia wenzake kwamba goti linamuuma.

Ugonjwa wenyewe ulituchukua miaka kuujua. Tumbo lilimvimba, aliharisha, alikonda, damu ilimpungua mpaka viganja vikawa vyeupe. Tulitibu minyoo. Tulitibu vidonda vya tumbo. Alikunywa majani ya kila rangi. Mimi nilikuwa na jibu langu, nilisema ni uzee, na nilisema hivyo nikiwa nimemzidi miaka saba na nakula mkate kila asubuhi bila kujua tumbo langu liko upande gani. Mwishowe daktari mmoja kijana alimtoa damu, akaipeleka kupimwa mbali, na majibu yakaja. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, alitueleza, na utumbo wa mama huyu haukiwezi, kinauchubua kila kinapopita. Dawa ni moja tu: asile ngano wala shayiri maisha yake yote, hata kiasi cha kuchafua kidole. Muhogo, mchele, mahindi, mtama, ndizi, viazi, maharage na samaki ni vyake.

Nilimjibu daktari maneno ambayo naona aibu kuyaandika. Nilimwambia huo ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tumelelewa na muhogo.

"Basi, Mzee," akasema, "umrudishie muhogo wake."

Nyumbani tulizoea haraka. Tulikula viazi vitamu, ndizi, maharage, mchele wa Bugarama, na mwili wake ukaanza kurudi. Shida ilikuwa siku ya kutoka. Jumamosi moja mchana korali ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye ukumbi ulio chini ya nyumba yetu. Yeye alikuwa uani anachambua maharage. Nilimsikia akiimba sauti ya pili kwa chini, na wenzake wa kule ukumbini waliposimamishwa na mwalimu, naye alinyamaza, na mikono yake ikasimama juu ya ungo mpaka walipoanza tena. Alifanya hivyo mara tano, sita. Hakujua kwamba namtazama.

Jioni ile nikamwambia kwamba safari ijayo ataenda, na chakula chake nitakifunga mimi.

"Weye?" akasema. "Mzee, weye hata chai unaunguza."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Lakini hakukataa.

Hapa inafaa nieleze kazi niliyofanya. Kwa miaka mingi nilikuwa mtunza ghala kwenye kituo cha kuosha kahawa. Sikuonja kahawa, wala sikuiuza. Kazi yangu ilikuwa magunia. Kahawa huvuta harufu ya kila inachogusana nacho, na gunia lililobeba vitunguu mwaka jana litaitia kahawa ya mwaka huu harufu ya vitunguu. Nilinusa kila gunia kabla halijajazwa. Siku moja nililirudisha lori zima kwa kuwa sakafu yake ilikuwa na doa la petroli, na dereva alinitukana mbele ya watu, nami sikutetereka. Wafanyakazi waliniita Pua. Naomba msomaji akumbuke jambo hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Nilijifunza kupika nikiwa na zaidi ya miaka sabini, yeye amekaa kwenye kigoda ananielekeza kwa kijiti. Bugali, yaani ugali wetu wa muhogo, ukiupakia ndani ya kopo peke yake unakuwa jiwe kabla ya saa sita. Ukiufunga ungali na moto ndani ya jani la mgomba lililopitishwa kwenye makaa, unabaki laini mpaka mchana. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nilizikaanga zikauka kabisa ili zisilowanishe vingine. Parachichi lilikwenda zima, na kisu chake. Halafu vikate vya ndizi, ambavyo mama yake alikuwa akivipika: ndizi ndogo tamu zilizoiva mpaka ganda likapata madoa meusi, unaziponda kwa mkono, unaongeza unga wa muhogo kidogo kidogo hadi donge likubali kuachia vidole, chumvi kiasi, kisha unakaanga kwenye mafuta ambayo hayajawahi kuonana na mandazi. Na karanga za kukaanga ndani ya karatasi. Karanga hazikuwa chakula, zilikuwa rafiki yake. Huzitafuna akifikiri, akisubiri, akisali hata, ingawa atakana.

Vyote hivyo vilikaa ndani ya kikapu, kikafunikwa kitambaa cheupe. Na hapo tukakuta jambo ambalo hatukulifikiria. Huku kwetu mtu aliyevaa vizuri akibeba kikapu kilichofunikwa, maana yake ni moja: ana mgonjwa hospitalini na anampelekea chakula. Tunaita kugemura. Asubuhi ya safari ya kwanza nilimsindikiza mpaka penye basi, na kila tuliyekutana naye alisimama kutupa pole na kuuliza nani amelazwa. Mara tatu za kwanza nilijaribu kueleza habari ya ngano. Mara ya nne alinitangulia.

"Ni miye mugonjwa," akamwambia mama aliyeuliza. "Najigemulia mapema, mbele banilaze."

Yule mama alibaki hajui acheke au alie. Mke wangu akapanda basi, sare ya korali imemkaa vizuri, kikapu magotini.

Mwalimu wa korali alikuwa amewatangulia wenyeji kwa maneno, kwamba mama mmoja ana chakula cha daktari. Mke wangu alikunywa soda yao na kula ndizi yao moja, ili mkono wake uonekane mezani, kisha akafungua jani lake. Hakuna aliyekasirika. Alirudi jioni amechoka kwa furaha na kesho yake aliamka kama kawaida. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyejenga daraja.

Unga wa safari hiyo ulikuwa umetoka kwa mdogo wake anayelima Nyakabuye, ambaye hutwanga muhogo kwenye kinu chake mwenyewe. Ulipoisha, Alhamisi iliyotangulia safari ya pili, nilichukua muhogo mkavu nikaupeleka kwenye mashine ya kusaga iliyo chini ya soko. Hatia yangu inaanzia hapo, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Alhamisi mashine ile hujaa watu. Ndoo na magunia ndiyo hupanga foleni, wenyewe wanakaa ukutani wakizungumza kwa kupiga kelele kwa ajili ya ngurumo. Mwenye mvi hapangi foleni. Ni desturi, hakuna aliyeiandika. Nilipotokea mlangoni kijana mmoja alinipokea gunia, mwingine akasogeza ndoo za watu kwa mguu, na fundi wa mashine, aliyekuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, akaniita kwa mkono.

"Mzee, pita mbele. Weye hauwezi kungoja na batoto."

Nilipita. Nilipenda kupita. Mtu aliyestaafu hana sehemu nyingi ambako watu humwachia njia. Kuanzia siku ile nilikuwa navaa koti kwenda kusaga muhogo.

Aliyekuwa mbele ya wote alikuwa mama mmoja anayeuza unga wa uji wa watoto kwenye vifuko. Mzigo wake ulikuwa mkubwa, kwa hiyo alifika kabla ya watu wote. Naye alikuwa na adabu nyingi. Alinisalimia kwa mikono miwili na kumwagiza fundi, ikiisha ya kwake, iwekwe ya Mzee. Akawa hakosi kufanya hivyo kila Alhamisi niliyokwenda. Kwa hiyo muhogo wa mke wangu ulimwagwa kila mara kwenye mashine iliyokuwa bado na joto la unga wa yule mama, na ulitokea kupitia mfuko ule ule wa kitambaa uliofungwa kwenye mdomo wa mashine. Sikumuuliza unga wake ni wa nini. Mimi, Pua.

Safari ya pili ilikuwa Mibirizi. Alirudi akiimba. Kesho yake hakuinuka kitandani, na tumbo halikumwacha kwa siku tatu. Tulikaa tukipitia alivyokula kimoja kimoja, na nikaamua ni sambaza, labda hazikukauka. Safari ya tatu hatukufunga sambaza. Akaugua vile vile. Mimi ndiye niliyezishitaki karanga. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba karanga zina mafuta mengi na utumbo uliochubuka hauzitaki. Alinisikiliza. Alichukua kopo lake la karanga, akatoka nalo, akawagawia watoto wa jirani kwenye viganja vyao mpaka likaisha, akalirudisha limeoshwa.

Unga hatukuushuku. Nyumbani hatukuutumia, ulikuwa unga wa safari tu, basi kilichoonekana ni kwamba anaugua kila anaposafiri. Alianza kusema kwamba labda si chakula. Labda mwili wenyewe umechoka na barabara.

Alhamisi kabla ya safari ya nne nilikuwa tena mbele ya foleni, na koti langu. Gunia la mama wa uji lilipokaribia kuisha, mkanda wa mashine ulitoka na ngurumo ikakatika. Kukawa kimya, watu wakashusha sauti zao. Kwa adabu tu nikamuuliza yule mama biashara inaendaje, na huo unga wake unapendwa kwa nini.

Alifurahi kuulizwa. Akahesabu kwa vidole: "Mahindi, soya, mtama na ngano, Papa. Ngano ndiyo inafanya uji ikuwe mulaini."

Fundi akarudisha mkanda. Mashine ikaanza. Akamalizia ya mama, akaupiga mfuko wa kitambaa makofi mawili, vumbi likaruka, kisha akachukua gunia langu.

Nilikuwa na maneno ya kusema, nayo yalikuwa mafupi: ngoja, mke wangu haruhusiwi ngano. Sikuyasema. Niliona ukuta mzima wa watu wakinitazama, na yule mama na mikono yake miwili, na nikafikiri kwamba watakachosikia wao ni kwamba Mzee amesema unga wa fulani ni sumu. Nikafikiri pia swali litakalofuata: Mzee, mara ngapi umesagia hapa? Muhogo ukamwagwa. Unga wa kwanza uliotoka ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, kisha ukaendelea kuwa mweupe. Nilimwomba fundi anitengee ule wa kwanza, nikasema ni wa kuku. Njiani nilijiambia kwamba hata kwenye kahawa tulikuwa tukiondoa ya juu, iliyobaki ikawa safi. Nilijua si kweli. Kwenye kahawa tulilirudisha lori zima.

Jumamosi nilikaanga vikate kwa unga ule. Jumapili alfajiri nilisonga bugali, nikafunga kikapu na kumsindikiza.

Walikwenda Bugarama. Sikuwapo, nilisimuliwa. Safari hii ugonjwa haukungoja kesho yake. Wakati wa kurudi, kwenye mwinuko, alimwomba dereva asimame, na baada ya muda akamwomba tena. Wanawake wa sauti ya pili walishuka naye, wakafungua vitenge vyao, wakamzungushia kama ukuta kando ya barabara, magari yakipita. Mke wangu ni mtu ambaye hatembei hata uani bila kujitazama kama kitambaa cha kichwa kimekaa sawa. Walimleta mpaka mlangoni, wawili wamemshika, mmoja amebeba kikapu, na yule wa kikapu alinipa pole na kunisifu mbele yao wote kwa jinsi ninavyomtunza mke wangu. Niliipokea sifa ile.

Jumatatu niliosha nguo. Jumanne nilipika uji wa mchele. Kila mara niliingia chumbani nikiwa nimejiandaa kusema, na kila mara nilitoka na bakuli tupu.

Jumatano alikuja sebuleni anashika ukuta. Alikuwa na sare ya korali mkononi, imepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Aliiweka mezani mbele yangu. Aliniomba nimpelekee kiongozi wao, wampe mama mwingine aliyekuwa anangoja kujiunga. Akasema hataki kuwasumbua tena wenzake, na mwaliko wa Nyakabuye unakaribia, na huko kuna mdogo wake, asingependa mdogo wake amwone barabarani katika hali ile.

Niliitazama ile sare. Kwenye kiuno kulikuwa na pini mbili za kuipunguza.

Nikamwambia yote: mashine, mama wa uji, ngano, mfuko wa kitambaa, unga wa rangi ya chai. Nilisema nikitazama meza. Nilipomaliza alikaa.

"Ulijua siku gani?"

"Alhamisi."

"Mbele nikule?"

"Ndiyo. Kabla hujala."

Nje kulikuwa na mtu anagonga bati. Aligonga muda mrefu.

"Na karanga?" akauliza.

Nikamwambia karanga hazikuwa na kosa lolote.

"Uliogopa kumuhuzunisha ule mama wa uji," akasema. "Miye haukuniogopea."

Hakupandisha sauti. Alirudi chumbani, akaiacha sare mezani, na mimi sikujua kama niipeleke au niiache. Niliiacha. Ilikaa pale siku mbili, tukala pembeni yake. Siku hizo aliniambia mambo ya lazima tu. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, nimeandika barua za watu wengi, lakini sikupata sentensi hata moja ya kumwambia ambayo isingekuwa ya kujitetea.

Siku ya tatu nilianza kufikiri kwa sauti juu ya kutafuta mashine nyingine, labda ipo moja isiyosaga ngano, labda nikienda mapema sana. Alikuwa anajifunga kitambaa cha kichwa.

"Mudogo yangu anatwanga," akasema. "Weye hauna mikono?"

Kinu cha kuazima hakikufaa, kila nyumba ina historia yake ndani ya kinu chake. Nilihitaji ambacho hakijawahi kutwanga kitu. Niliambiwa kwamba kwenye soko la mpakani, Ruhwa, wachongaji wa upande wa Burundi huleta vinu vya mti mzito. Nikashuka huko na minibasi, nikachagua, na safari hii nilikumbuka kazi yangu: niliingiza kichwa changu chote ndani ya kinu na kukinusa, mbele ya watu, mpaka mchongaji akaniuliza kama nimeangusha kitu. Kilinuka mti mbichi tu. Nikapanda minibasi nacho, nimekipakata. Kinu kipya na mchi mpya kwa kawaida ni vitu vya bibi harusi, kwa hiyo abiria hawakuniacha.

"Papa, unaoa tena?" akauliza kondakta.

Nikamwambia naoa yule yule. Walicheka mpaka Nyakabuye, na mama mmoja akasema basi huyo mwanamke ana roho ngumu. Hakujua alivyopatia.

Kutwanga muhogo mkavu uani, mchana kweupe, mwanamume mwenye mvi, si jambo linalopita bila kuonekana. Majirani walitokeza vichwa juu ya ukuta. Mmoja aliuliza kama mke amenikimbia. Mwingine alitaka kujua kosa langu lilikuwa gani hata nikafukuzwa kwenye mashine. Nilipumzika kila baada ya mapigo ishirini. Mke wangu alikaa na chekecheo jipya, akichukua nilichotwanga na kunirudishia chenga, na nadhani zaidi ya mara moja alinirudishia chenga ambazo zingeweza kupita.

Alhamisi nilikwenda kwenye mashine bila gunia na bila koti. Kijana alitaka kunipitisha mbele, akakuta sina kitu cha kupitisha. Nilimwita mama wa uji pembeni, nikamweleza. Uso wake ulibadilika kama nilivyoogopa.

"Ngano yangu haina kosa, Papa," akasema.

"Haina," nikamjibu. "Mwenye kosa ni miye, sikuuliza."

Kisha akaniuliza kama mke wangu anaweza kula mtama, na kama mahindi hayamdhuru. Nilipomwambia ni salama, akasema angependa siku moja amsagie, halafu akakumbuka mashine, akashika mdomo. Tuliachana hivyo. Bado ananisalimia kwa mikono miwili.

Sare ilikuwa imeondoka mezani. Niliiona Jumamosi imetundikwa mlangoni mwa chumba.

Asubuhi ya Nyakabuye niliamka kabla yake. Bugali ndani ya jani, mayai manne ya kuchemsha, vikate vya ndizi, parachichi na kisu chake. Mafuta mapya. Karanga sikuweka. Hakuwa ameziomba, na sikuona kwamba nina haki ya kuzirudisha mimi mwenyewe, kana kwamba na mimi nilikuwa nimezikosa pamoja naye. Alikifungua kitambaa, akatazama kila kitu, akachukua kikate kimoja, akakivunja katikati na kukinusa. Kisha akanipa nusu moja. Nilielewa kwamba nianze mimi, kama mwenyeji anayeonja mbele ya mgeni. Nikala. Alinitazama mpaka nikameza, ndipo akafunika kikapu.

Siku ile ilikuwa ndefu. Nilitwanga kidogo, bila sababu. Jioni niliwasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu walikuwa wakiimba tangu kwenye kona na ngurumo ya basi haikuweza kuwazidi. Alishuka mwenyewe. Alinitupia kikapu, kikiwa chepesi.

"Umekula vyote?"

"Banamuke ya sauti ya pili ndio bamekula," akasema. "Balinibakishia jani. Ukifunga tena, funga ya batu sita."

Nilicheka, yeye hakucheka. Sote wawili tulijua kwamba Jumapili si siku ya kuhukumu.

Jumatatu nilikuwa macho kabla ya jogoo, namsikiliza anavyopumua. Aliamka. Alifagia uani. Alikunywa chai na kiazi. Kila alipopita karibu nilimtazama usoni, kisha tumboni, kisha tena usoni, mpaka akasimama na fagio mkononi.

"Unaniangalia sawa muntu anayengoja basi," akasema. "Fanya kazi yako."

Nilikwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Hajaniambia kwamba amenisamehe. Kwa namna alivyo, sidhani kama atasema, na mimi sitauliza. Lakini Jumanne, nikiwa nimekaa kizingitini, alikuja akaniwekea kopo lake magotini, lile la karanga, tupu, limeoshwa.

"Chumvi kidogo tu," akasema. "Na usiunguze."

Niliziunguza kiasi, zile za chini ya sufuria. Alizichambua nyeusi moja moja, akaziweka pembeni kwenye kifuniko, akala zilizobaki. Alipomaliza hizo, akala na nyeusi.